Televisheni inawaka mchana kutwa na mtoto hasemi: je, ndiyo kisa?

Swali: "Mimi ni mama wa watoto watatu, tunakaa komini ya Katuba, hapa Lubumbashi. Asubuhi bwana yangu akishatoka na wakubwa wakienda masomo, ninawasha tele, ninaanza kazi: vyombo, kufua, bukari, pasi. Siketi kuangalia. Ninasikiliza tu novela huku mikono inafanya kazi, na bila ile sauti nyumba inakuwa kimya mpaka inaniumiza. Mtoto wa mwisho ana mwaka mmoja na miezi saba. Anacheza karibu yangu, tele haiangalii. Lakini mpaka leo anasema 'mama', 'tata', na 'pa' akitaka kitu, basi. Dada zake kwa umri huo walikuwa wanasema mengi. Mama mkwe anasema tele imemla mtoto sauti. Bwana yangu anasema nizime kwa sababu inakula umeme. Jirani wa lupango anasema ulimi umefungwa kwa chini, nimpeleke kwa mzee mmoja aukate. Mimi nilifikiri novela za Kifaransa zitamfundisha Kifaransa mapema. Mwaka jana alikuwa na malaria kali, akawekewa serum, akapona. Sikio la kuume huwa linatoka maji, linakauka, linarudia. Je, ni tele? Nizime kabisa?"

Jibu:

Mama, nimeisoma barua yako mara kadhaa, na iliyonisimamisha si habari ya tele. Ni ile uliyoipitisha mbio mwishoni: sikio la kuume linatoka maji, linakauka, linarudia. Habari ya tele nitaijibu kwa urefu, maana umeiuliza na ina uzito wake. Ila mimi kazi yangu ni watoto wanaochelewa kusema, na katika kazi hii sikio hutangulia mengine yote.

Nyuma ya ngoma ya sikio kuna uwazi mdogo wenye hewa na vifupa vitatu. Sauti ikiitikisa ngoma, vifupa hivyo vinapokezana mtikisiko mpaka sikio la ndani. Uwazi huo ukijaa majimaji au usaha, vifupa vinasogea kwa shida. Usaha ukitafuta njia, ngoma inatoboka, na hayo ndiyo maji unayoyaona yakitoka. Mtoto wa namna hii si kiziwi. Ukiangusha sufuria anageuka, ukimwita kwa nguvu anakuja, kwa hiyo nyumbani kila mtu anasema anasikia vizuri. Kinachompita ni sauti nyembamba za maneno, zile za s, f, t na k, na mwisho wa neno linalosemwa kwa sauti ndogo. Tena usilitegemee sana lile sikio la kushoto kwa sababu halitoki kitu. Linaweza kuwa limejaa maji ndani bila kuonyesha dalili yoyote nje.

Nimeliangalia pia neno lako kuhusu malaria kali na serum. Kwinini inaweza kuvuruga kusikia, mara nyingi kwa muda tu. Sindano za jentamisini, ambazo watoto wenye homa kali hupewa, zinaweza kuliumiza sikio la ndani. Na homa ya uti wa mgongo, ambayo mwanzoni hufanana sana na malaria kali, ni mojawapo ya sababu kubwa za watoto kupoteza kusikia. Sisemi hayo yamempata mtoto wako. Nasema kama bado una karatasi za hospitali za mwaka jana, uende nazo, daktari ajue alipewa nini.

Anza na kituo cha afya cha karibu wiki hii. Usaha uliotoka siku 14 na zaidi tayari unahesabiwa kuwa ugonjwa sugu wa sikio, na tiba yake ni tofauti na ya sikio lililoanza kuuma juzi: hapo dawa kubwa ni matone ya sikioni pamoja na kulikausha, wala si vidonge peke yake. Kisha omba barua ya kukupeleka kwa daktari wa ORL, yaani wa masikio, pua na koo, kwenye Kliniki za Chuo Kikuu au hospitali ya Sendwe, aiangalie ngoma na kupima kusikia. Kwa sasa lisiingie maji wakati wa kuoga. Usitie mafuta, wala maziwa ya titi, wala majani yaliyokamuliwa, wala petroli. Usichokoe kwa kijiti. Sokota kipande cha kitambaa safi cha pamba, kiingize kidogo mlangoni mwa sikio, kivute unyevu, ukitupe, urudie kwa kingine mpaka kitoke kikavu. Na ukiona nyuma ya sikio pamevimba, panauma akiguswa, au sikio linasukumwa mbele, usingoje barua wala kesho. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa tele.

Kwanza nikuondolee aibu, kwa sababu barua yako ina harufu ya mtu aliyeshitakiwa. Kusikiliza mchezo huku unafua si uvivu, na si wewe uliyeanza. Michezo ya namna ya novela ilizaliwa redioni, Marekani, miaka ya 1930, na waliogharimia walikuwa kampuni za sabuni waliojua vizuri kwamba mama wa nyumbani wakati wa mchana ana masikio huru na mikono yenye kazi. Wakaitunga kwa ajili yake yeye. Habari ya jana inarudiwa leo, mtu anaitwa kwa jina lake kila mara ili asiyetazama ajue nani anasema, na jambo likikaribia kupasuka muziki unapanda kumwambia aje aone. Ilipohamia kwenye televisheni ilibaki na tabia hiyo. Ndiyo maana unaweza kuosha sahani zote za familia bila kuinua macho na bado ukajua nani kamsaliti nani. Katika miaka ya 1980 David Morley, mtafiti wa Uingereza, alizihoji familia za London majumbani mwao akiuliza wanaangaliaje tele. Wanaume wengi walisema wanapenda kuangalia kimya mpaka mwisho. Wanawake wengi walisema wanaangalia huku wanafanya jambo jingine, kwa sababu kwao nyumba ndiyo mahali pa kazi. Ulichoniandikia Katuba wanawake hao walishakisema.

Kwa hiyo sina neno baya na wewe kupata sauti ya kukusindikiza. Neno langu liko kwa mtoto aliye pembeni ya beseni.

Umesema haangalii, na ninakuamini. Ni hivyo hivyo walivyoona watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 2008, walipowaacha watoto wa mwaka 1 hadi 3 wacheze chumba kimoja na tele iliyokuwa ikionyesha kipindi cha watu wazima. Watoto walitupa jicho sekunde chache tu, wakarudi kwenye michezo yao. Lakini michezo yenyewe ilikatika vipande: mtoto anashika kitu, anakiacha kabla hajamaliza, anashika kingine. Mwaka uliofuata timu hiyo iliwaangalia wazazi. Tele ikiwaka, mzazi aliyeketi pamoja na mtoto wake alisema naye kidogo zaidi na kumjibu mara chache zaidi. Mwaka huo huo wa 2009 Dimitri Christakis na wenzake waliwavalisha watoto vinasa sauti vidogo nyumbani kwao, wakakuta kwamba kila saa moja ya tele inayosikika ilikwenda na upungufu wa maneno kama 770 ambayo mtoto angeyasikia kutoka kwa watu wazima.

Namba hizo ni za Marekani, kwenye nyumba ambamo mara nyingi mama na mtoto wako peke yao. Lupango lenye bibi, shangazi na watoto wa jirani lina sauti nyingi nyingine, na sitakudanganya kwamba hesabu ni ile ile. Lakini wewe umeniandikia habari ya asubuhi, wakubwa wakiwa shuleni. Saa hizo mtoto ana mtu mmoja tu wa kusema naye.

Fikiria dakika moja jikoni. Mtoto anainua kifuniko cha sufuria, anakiangusha, anakuangalia, anasema "pa!" Anangoja. Kama wakati huo masikio yako ni yake, unageuka bila hata kufikiri: "Kifuniko! Kimeanguka. Pa! Leta kifuniko." Kazi yote ya kujifunza kusema imekaa hapo. Ametoa sauti, na ndani ya sekunde moja mbili imerudi kwake ikiwa neno, tena neno la kitu alichonacho mkononi. Lakini kama wakati huo muziki umepanda na yule binti anafungua barua, unasema "mm", au unageuka baada ya nusu dakika, na yeye amekwishaacha kifuniko anavuta ndala. Hukumkemea, hukumsukuma, hukufanya kosa ambalo mtu angelionyesha kwa kidole. Jibu limechelewa tu, na kwa umri wake jibu lililochelewa hawezi kuliunganisha na kifuniko. Mara moja si kitu. Asubuhi zote za wiki ni jambo jingine. Na novela inakuvuta kwenye nusu dakika hizo hasa, maana ndivyo ilivyotungwa.

Halafu kuna kelele yenyewe. Mimi na wewe tukikaa mahali pana kelele tunaziba mapengo kwa maneno tunayoyajua. Nusu ya neno ikipotea, kichwa kinaimalizia. Mtoto wa mwaka na nusu hana hazina hiyo. Anahitaji sauti ya mtu anayemsemesha ipite kelele za nyuma kwa kiasi kikubwa kuliko mtu mzima anavyohitaji, na kelele iliyo ngumu zaidi kwake ni ile ya watu wengine wanaozungumza. Weka juu yake sikio linalotoka maji. Mtoto mwenye masikio mazima pengine angepita katikati ya tele yako bila kudhurika sana, kama dada zake walivyopita. Huyu anasikia sauti yako ikiwa imefifia, na juu ya kufifia inafunikwa. Ndiyo maana siwezi kumpa mama mkwe ushindi wote wala kumnyang'anya wote. Tele haikumla mtoto sauti. Inawezekana kabisa inamzibia ile kidogo anayoisikia.

Kuhusu Kifaransa, hapo nikuambie wazi: hatakipata hivyo. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake, Seattle, walichukua watoto wa miezi tisa waliosikia Kiingereza tu nyumbani. Kundi moja lilikaa vikao 12 na watu waliokuwa wakiwasomea vitabu na kucheza nao kwa Kichina cha Mandarini. Kundi jingine lilipata watu wale wale na vitabu vile vile, lakini kwenye skrini. Wa kwanza walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Wa skrini hawakupata chochote. Mtoto mdogo hujifunza lugha kwa mtu anayemjibu. Kama unataka Kifaransa, atakikuta shuleni na kwa dada zake wanaorudi na nyimbo za darasani. Wewe msemeshe kwa lugha inayokutoka bila kutafuta maneno, na mama mkwe amsemeshe kwa Kiluba au lugha yoyote ya kwao bila kujizuia. Lugha mbili nyumbani hazimcheleweshi mtoto. Utakapohesabu maneno yake, hesabu ya lugha zote pamoja.

Ulimi usikatwe. Hilo sina mzani wa kulipimia. Uzi wa chini ya ulimi ukiwa mfupi unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, na baadaye kumharibia matamshi ya sauti kadhaa, lakini haumzuii kujaribu kusema. Mtoto wa hivyo anasema maneno mengi yasiyosikika vizuri. Wako ana maneno machache, nalo ni tatizo lingine. Wembe wa mtu ambaye hukuona ameuchemsha wapi unaleta damu isiyokatika, pepopunda na magonjwa ya damu, na mtoto anarudi na maneno yake yale yale matatu. Daktari wa ORL atakayeangalia sikio aangalie na ulimi, mara moja, bila gharama nyingine.

Kwa bwana yako: tele za siku hizi za inchi 32 hutumia wati kama 50 au chini yake. Resho, jiko la umeme, inapita wati 1,000. Saa moja ya resho inalingana na saa 20 za tele. Akitaka kupunguza matumizi ya umeme, aanzie jikoni na kwenye pasi.

Basi uzime kabisa? Sidhani. Mama aliyefungiwa ndani ya ukimya unaomuumiza hawezi kuwa na maneno mengi kwa mtoto, na ningekuwa nimekuzimia tele nikakuachia huzuni. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, halishauri mtoto wa chini ya miaka miwili kuketishwa mbele ya skrini. Wako hajaketishwa. Tatizo letu ni sauti ya chumbani na masikio yako, na hayo yanapangika.

Ningeanza kwa kupanga tele ifuate usingizi wake. Akilala mchana, washa, na zile kazi unazozifanya kwa mikono tu, kupiga pasi, kukunja nguo, kuchambua maharagi, zisogeze saa hizo. Utafuata novela moja yako kwa raha, hata zaidi ya sasa. Akiwa macho, zima. Na ikiwa saa ya novela unayoipenda inaangukia yeye akiwa macho na hutaki kuikosa, iangalie hiyo moja, kisha zima. Ninachokukataza ni kuiacha iendelee kwa kuwa hakuna aliyeinuka kuizima. Kupunguza sauti kunasaidia kelele lakini hakukurudishii wewe, maana unakaza masikio zaidi. Redio ya mazungumzo ni shida ile ile. Muziki wa sauti ya chini ni nafuu, na mkiimba pamoja ni bora tena. Kisikizi cha sikioni sikupendekezei hata kidogo: nyumba inanyamaza kwa mtoto, lakini wewe hutamsikia akiusogelea moto.

Na kwa kuwa nimetaja moto. Msimu wa baridi, Juni na Julai, akina mama wengi huingiza mbabula, jiko la makaa, sebuleni wapike huku wanasikiliza, na nyumba ipate joto. Mama, usifanye hivyo. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Inaikamata damu kuliko hewa tunayohitaji, mtu anaanza kuumwa kichwa, anasinzia, haamki. Na maji ya bukari yanayochemka chini, karibu na mtoto anayetembea, mama akiwa ameinua macho kwa sababu muziki umepanda, hayo matokeo yake nimeyaona hospitalini na sipendi kuyaandika. Mbabula ibaki nje, na mtoto asiweze kuifikia.

Saa ulizozima, usijifanye mwalimu. Sema unachofanya. Mpe vijiko avihesabu kwa vurugu yake. "Kijiko. Kijiko kingine. Kimelowa! Kipe mama." Kisha nyamaza umwangalie, umpe nafasi, hata kama kimya kinaonekana kirefu. Wazazi wengi husema sana na kungoja kidogo. Akitoa sauti yoyote, irudishe ikiwa neno. Simama upande wake wa kushoto, usoni pake, mpaka sikio la kuume lipone. Na siku SNEL, shirika la umeme, ikikata umeme, kama tunavyoijua, tumia nafasi hiyo kupeleleza: anatoa sauti nyingi zaidi? Anakufuata zaidi? Utajua mambo ya nyumba yako ambayo utafiti wa Massachusetts hauwezi kukuambia.

Imebaki kitu kimoja ninachotaka ukiangalie kabla ya kwenda hospitali. Je, ananyoosha kidole kukuonyesha kitu, ndege au gari, kwa ajili tu ya kukushirikisha? Ukisema "leta kiatu" bila kuonyesha kwa mkono wala macho, analeta? Anakuangalia usoni mnapocheza? Anageuka ukimwita kwa sauti ndogo kutoka nyuma, tele ikiwa imezimwa? Kama anafanya hayo, moyo wangu unatulia sana, na nategemea maneno yatakuja sikio likitibiwa. Kama hanyooshi kidole, au haelewi, au kuna maneno aliyokuwa nayo yakapotea, mwambie daktari hivyo kwa maneno hayo hayo, na omba aonwe pia na daktari wa watoto. Hata akifanya yote vizuri, kwa miezi 19 neno moja zaidi ya "mama" na "tata" ni kidogo, na asikuambie mtu kwamba wavulana huchelewa, ungoje atimize miaka mitatu. Kama ni wa kiume au wa kike hukuniambia, na hapa hakubadili kitu.

Ukishatoka ORL, niandikie wamesema nini juu ya ngoma ya kila sikio na kipimo cha kusikia kimetoa nini. Kutoka hapo nitaweza kukuambia kama tungoje miezi mitatu tukihesabu maneno, au tuanze mazoezi ya kusema mara moja.